Mabehewa Yasiyo na Modeli

Rungwa haina reli. Ukielekea kusini unaangukia Chunya. Ukielekea kaskazini unapita kando ya pori la akiba, unakatiza vichaka vizito vya Itigi, na baada ya karibu kilomita 200 ndipo unakutana na Reli ya Kati. Mtu wa huku akifika stesheni ya Itigi na kukuta treni ya mizigo inapita, husimama akaitazama mpaka mwisho. Kichwa kinapita mara moja. Mabehewa ndiyo yanayochukua muda: refu lenye paa, la wazi lenye vumbi jeupe la jasi, tenki la mafuta, kisha moja ambalo umbo lake linakulazimisha uulize lilitengenezwa kubeba nini. Kazi yangu ni kutengeneza modeli za mabehewa kwa mbao na bati, na makala hii inahusu hilo la mwisho: behewa adimu, ambalo kila mtengeneza modeli hulitamani na hakuna duka linaloliuza.

Tuanze na modeli yenyewe. Watoto wetu wametengeneza treni kwa makopo ya samaki na visoda miaka mingi, na ni kazi ya akili kweli. Modeli ya skeli inaongeza sharti moja tu: kila kipimo cha kitu halisi kigawanywe kwa namba ileile, kama ilivyo kwenye ramani. Urefu wa behewa ukigawanywa kwa 20, kimo nacho kigawanywe kwa 20, na unene wa ubao, na upana wa mlango, na kichwa cha ribiti. Ukilivunja sharti hilo mahali pamoja, jicho litajua kuna kitu hakikukaa sawa, hata kama ni jicho la mtu ambaye hajawahi kupanda treni.

Ulaya, Marekani na Japani kazi hii ina viwanda vyake. Märklin ya Ujerumani ilianza mwaka 1859. LGB, iliyoanzia Nürnberg, ilileta sokoni mwaka 1968 treni kubwa za kuchezea hata bustanini. Bemo, pia ya Ujerumani, imejijengea jina kwa modeli za reli za Uswisi. Mnunuzi wa huko anaweza kuingia dukani akachagua behewa la saruji, la maziwa au la magogo, likiwa na namba na rangi za mwaka anaoutaka.

Lakini hata yeye hapati kila anachotamani, na sababu yake ni ya kiufundi na ya kifedha kwa pamoja. Modeli ya kiwandani hutoka kwenye kalibu ya chuma, ambayo plastiki ya moto husukumwa ndani yake kwa shinikizo. Kuchonga kalibu ndiyo gharama kubwa. Plastiki yenyewe ni bei ndogo. Kwa hiyo kiwanda kinapaswa kuuza modeli nyingi sana za umbo moja ili gharama ya kalibu irudi. Kinachaguliwa nini basi? Behewa lililojengwa kwa maelfu, lililopita katika mikoa mingi, lililobadilishwa rangi mara nyingi, kwa sababu kalibu ileile itatumika kwa rangi zote hizo. Behewa lililojengwa kwa idadi ndogo, la mzigo mmoja, la njia moja, halina nafasi katika hesabu hiyo.

Kwa hesabu hiyohiyo, Reli ya Kati nzima imeachwa nje. Wapenzi wa reli duniani wakiitaja Afrika Mashariki, wanataja vichwa vya mvuke. Kati ya hivyo, Garratt za daraja la 59 zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer, Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950, na zilipewa majina ya milima yetu. Mbili zipo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena, mlima wa kwao Wapare. Mwaka 1974 Roel Ramaer alitoa kitabu kizima kuhusu vichwa vya mvuke vya reli hizi. Na mabehewa yaliyovutwa na vichwa hivyo? Yale ndiyo yaliyoleta pesa. Pamba, mkonge, kahawa, ng'ombe, magadi na mafuta vilisafiri ndani yake, na bila hivyo Garratt isingekuwa na kazi. Naamini anayetaka kuielewa reli akitazama vichwa peke yake ataielewa nusu.

Umbo la behewa huamuliwa na mzigo. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomfundisha kijana anayetaka kujifunza kazi hii, na linafaa kufafanuliwa kwa hesabu.

Itigi ina jasi, madini meupe ambayo viwanda vya saruji huyachanganya kwenye saruji ili isigande kabla fundi hajamaliza kazi. Mkoa wa Singida, iliko Itigi, unajulikana pia kwa alizeti. Chukua behewa la mfano lenye sakafu ya mita 12 kwa mita 2.4, linaloruhusiwa kubeba tani 40. Sakafu hiyo ina eneo la karibu mita za mraba 29. Jasi iliyopondwa ina uzito wa takriban tani 1.4 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tani 40 zitajaa kimo cha mita moja tu. Ukilipa behewa hilo kuta za mita mbili umepoteza chuma, na mbaya zaidi umemshawishi mpakiaji azidishe mzigo mpaka springi zilale. Sasa weka mbegu za alizeti, zenye uzito wa kama tani 0.4 kwa mita ya ujazo. Tani 40 zingehitaji kimo cha karibu mita tatu na nusu, ambacho hakipiti chini ya paa lolote la reli yetu. Behewa la alizeti hujaa kabla halijafikia uzito wake. Behewa la jasi hufikia uzito wake likiwa bado linaonekana nusu tupu. Ndiyo maana la jasi ni la wazi, la kuta fupi na nondo nzito za pembeni, na la alizeti ni refu kwenda juu, limefunikwa, na kuta zake ni nyepesi. Anayejua hesabu hii akiona behewa tupu limesimama pembeni anaweza kukisia lilibeba nini, na mara nyingi atapatia.

Nenda sasa hadi Kenya, kwenye tawi la Konza hadi Magadi, lililokamilika mwaka 1915 kwa ajili ya mzigo mmoja. Magadi ni unga. Ukinyeshewa huharibika, upepo nao huupeperusha, na kuupakua kwa koleo ni mateso kwa macho na mapafu. Mabehewa yake kwa hiyo hujazwa kupitia vifuniko vya juu na kumwagwa kwa milango ya chini, na sakafu ya ndani haiko bapa: imeinamishwa kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati ili unga ujitelezee wenyewe. Mwinamo huo ndio mtihani wa mtengeneza modeli. Pembe ikiwa ndogo mno, unga halisi usingeteleza. Ikiwa kubwa mno, nafasi ya mzigo inapotea. Ukikosea pembe kwa digrii chache, modeli itakuwa nzuri machoni lakini itakuwa ya behewa ambalo lisingefanya kazi.

Behewa la ng'ombe nalipenda kwa sababu nyingine. Mifugo ya kanda ya kati na kanda ya ziwa imesafirishwa kwa reli kwenda mnada wa Pugu, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Safari ni ndefu, joto ni kali, na mzigo una miguu. Kuta ni za mbao au chuma zenye nafasi katikati. Nafasi ikiwa pana mno, mguu wa ndama hupenya na kuvunjika. Ikiwa nyembamba mno, hewa haitoshi. Sakafuni hupigiliwa vibao vya kukingama ili kwato zishike, maana treni ikifunga breki ng'ombe mmoja akianguka wengine humkanyaga. Modeli za mabehewa yenye kuta nzima hukuruhusu kuacha ndani patupu, kwa kuwa hakuna atakayeona. Hii hairuhusu. Kila kibao cha sakafu kinaonekana kupitia nafasi zile, kwa hiyo kinapaswa kuwepo, kwa vipimo vyake.

Halafu yapo mabehewa ambayo hayabebi chochote, na hayo ndiyo yaliyonivuta katika kazi hii kuliko yote. Kwenye Ziwa Viktoria kuna meli za mabehewa. MV Umoja ya Tanzania na MV Uhuru ya Kenya zilijengwa katika miaka ya 1960 na kampuni ya Yarrow ya Glasgow. Uganda baadaye ilipata zake tatu, Kabalega, Kaawa na Pamba. Kabalega ilizama mwaka 2005 baada ya kugongana na Kaawa. Meli hizi zina reli juu ya sitaha. Behewa linatoka Dar es Salaam, linafika Mwanza, linasukumwa ndani ya meli pamoja na mzigo wake, linavuka ziwa, na linatolewa upande wa pili bila gunia moja kuguswa. Kichwa cha treni, kwa uzito wake, hakitakiwi kukanyaga daraja linalounganisha gati na meli, kwa sababu meli inaelea: upande mmoja ukielemewa ghafla inalala, na daraja linapinda. Kawaida ya vivuko vya namna hii popote duniani ni kuweka kati ya kichwa na mzigo mabehewa bapa, matupu, ambayo kazi yake ni urefu tu. Kichwa kinabaki nchi kavu, mabehewa haya yanafika hadi ndani. Mafundi wa reli wanayaita kwa majina tofauti. Mimi nayaita mabehewa ya kufikia. Ni sakafu, fremu na magurudumu, basi. Hakuna kiwanda kitakachochonga kalibu kwa ajili ya sakafu tupu. Lakini ukiweka modeli ya bandari ya Mwanza mezani bila behewa la kufikia, umeonyesha meli na treni ambazo haziwezi kukutana.

Ndugu wa behewa hilo ni lile linalosafiri chini ya mkono wa krini ya ajali. Krini ikiwa safarini hulaza mkono wake mbele, na mkono huo hupita mbali kuliko fremu ya krini yenyewe. Behewa bapa huwekwa chini yake ili liunganishwe na treni na kulinda nafasi hiyo. Juu yake mafundi huweka magogo, minyororo na jeki. Ukiliona limepita, ujue mahali fulani kuna treni imeanguka.

Sasa skeli. Hapa Tanzania imepata bahati ambayo wengi hawaifikirii. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upana kati ya reli zake mbili ni mita moja kamili. Kwa mtu wa modeli, milimita 1,000 ni zawadi. Katika skeli ya 1:20 reli zako zinakaa milimita 50. Katika 1:40, milimita 25. Katika 1:50, milimita 20. Hesabu zote unafanya kichwani. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na reli yetu mpya ya kisasa, SGR, ina 1,435; jaribu kugawanya hizo kwa 20 bila karatasi.

Wenzetu wa Ulaya hawakuchagua skeli kwa urahisi wa hesabu, walichagua kwa vifaa vilivyokuwepo. Njia ya LGB ina upana wa milimita 45, na kwa skeli ya 1:22.5 hiyo ni karibu kabisa na mita moja. Skeli ya 1:87, iliyoenea zaidi duniani, hutumia njia ya milimita 12 kwa reli za mita, na hiyo ndiyo Bemo hutumia kwa modeli za Reli ya Rhaetia ya Uswisi. Reli hiyo ya milimani kwenye theluji ina upana uleule wa reli inayopita Manyoni na Itigi. Maana yake kwa vitendo: mtu mwenye ndugu Ulaya anaweza kuagiza seti ya magurudumu ya modeli ya Kiuswisi na kuyafunga chini ya behewa la Kitanzania alilolichonga mwenyewe, na upana utakubali. Sehemu ya juu asiiazime. Mabehewa yao yana kimo, pembe na breki zao wenyewe.

Ushauri wangu kwa anayeanzia hapa nyumbani ni 1:20. Behewa la mita 12 linakuwa na sentimita 60, linakaa kwenye meza ya kawaida. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 85 linakuwa la milimita 42 na nusu, ambalo mkerezaji wa mpingo analitoa bila shida. Ubao wa ukuta wenye upana wa sentimita 18 unakuwa utepe wa milimita tisa. Na kosa la milimita moja la mkono wako ni sentimita mbili tu kwenye behewa halisi. Katika 1:87 kosa hilohilo ni karibu sentimita tisa.

Kupima ndiyo kazi yenyewe. Kuchonga ni kutekeleza ulichopima. Kwanza, ruhusa: eneo la reli si mahali pa kuingia na futi kamba na kamera bila kumwona stesheni masta, na behewa linalopimwa ni lile lililosimama pembeni, si lililo kwenye njia kuu. Pale Itigi, nikiwa nangoja ruhusa hiyo, nilimkuta mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ukaguzi wa mabehewa, amekaa kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Futi kamba ya nini? Unataka kulinunua?"

Nikamweleza kwamba natengeneza mfano wake mdogo. Akacheka, akauliza, "Na chini umeshaingia?"

"Bado, mzee. Nangoja stesheni masta."

"Ngoja. Lakini akikuruhusu, anzia chini. Huku juu wanapaka rangi, wanabadilisha mbao, wanaziba kwa bati. Chini hakudanganyi."

Ruhusa ilipopatikana aliinama pamoja nami, akanionyesha kwa fimbo. Kifuniko cha kikasha cha ekseli kina maandishi yaliyotoka na chuma tangu kinamiminwa, jina la kiwanda na mara nyingine mwaka. Fremu iliyounganishwa kwa ribiti ni ya zamani kuliko iliyochomelewa. Silinda ya breki inakuambia kama behewa ni la vakyumu au la upepo, maana ya vakyumu ni pana kama sufuria ya shughuli na ya upepo ni nyembamba. Springi zikiwa za majani, hesabu majani. Zikiwa za kujizungusha, hesabu mizunguko. Bogi, yaani ile fremu ndogo yenye magurudumu manne chini ya kila ncha, ipime peke yake kana kwamba ni kitu kingine, kwa sababu bogi huhama: behewa moja likichakaa, bogi zake hupelekwa chini ya jingine karakana.

Juu pana habari zake pia, kwa mwenye subira. Reli hii imebadilisha wenyewe mara nyingi. Baada ya Wajerumani ilikuwa Reli ya Tanganyika. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Kenya na Uganda kuwa shirika moja la reli na bandari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mabehewa yakagawanywa na Shirika la Reli Tanzania (TRC) likaanza. Mwaka 2007 likaja jina la TRL, na sheria ya mwaka 2017 ikarudisha jina la TRC. Kila mmoja alipaka rangi yake juu ya ya mwenzake. Jua la asubuhi likipiga ukuta wa behewa la zamani kwa ubavu, unaona vivuli vya herufi za kwanza chini ya za mwisho. Mtengeneza modeli lazima achague mwaka mmoja na kuuheshimu. Behewa lenye herufi za 1960 haliwezi kuvutwa pamoja na kontena jipya.

Vifaa vya kazi Rungwa vipo. Mninga una nyuzi zinazokubali kupasuliwa nyembamba na haupindi ukikaushwa vizuri. Mabaki yake yanatupwa kwenye karakana za samani. Sakafu na kuta natoa huko. Mpingo ni wa magurudumu na vikasha vya ekseli, kwa kuwa ni mgumu na ukisuguliwa hung'aa kama chuma kilichopakwa grisi. Bati la makopo ya mafuta ya kupikia linatosha kwa paa na vifuniko, na linakubali kulehemiwa kwa risasi kama fundi redio anavyolehemu. Nondo za breki zilinisumbua kidogo kichwani kabla ya kukata chochote: spoku ya baiskeli ina unene wa milimita mbili, ambayo kwa 1:20 ni nondo ya sentimita nne, nene mno. Waya mwembamba wa milimita moja na nusu unatoa nondo ya sentimita tatu, na hiyo inakubalika. Vichwa vya ribiti natoboa kwa msumari butu kutoka nyuma ya bati, kimoja kimoja, kwa rula. Printa za 3D zimeshaingia nchini na zinaweza kutoa bogi kumi zinazofanana kwa usiku mmoja. Nazikaribisha kwa mikono miwili, ilimradi mtu awe amepima bogi halisi kwanza. Printa haijui behewa la jasi.

Kwa nini nasisitiza kupima sasa? Kwa sababu aina za mabehewa zinapungua, na chanzo chake ni sanduku moja: kontena. Zamani kila mzigo ulihitaji behewa lake. Leo kahawa, vipuri, vitambaa na hata baadhi ya nafaka huingia katika sanduku la futi 20 au 40, na behewa moja bapa linabeba lolote kati ya hayo. Kibiashara ni maendeleo makubwa na siyapingi. Mzigo hauguswi njiani, wizi unapungua, meli haisubiri. Lakini treni ya makontena ina umbo moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na yale maumbo ya zamani yakishapoteza mzigo wake husukumwa kwenye njia za pembeni, hukaa huko kwa miaka, kisha hukatwa kuwa chuma chakavu. SGR nayo inakuja na yake: mwaka 2022 TRC iliagiza mabehewa ya mizigo 1,430 kutoka CRRC ya China. Hayo yatakuwa mengi, yatafanana, yatapigwa picha na maelfu ya watu, na naamini siku moja yatapata modeli ya kiwandani. Ya reli ya mita hayatangoja.

Makumbusho hayawezi kubeba mzigo huu peke yake. Ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, yana behewa ambamo simba alimkamata Charles Ryall, ofisa wa polisi, pale Kima mwezi Juni 1900. Limehifadhiwa kwa sababu ya kisa chake, na ni haki yake. Jinja nako kuna Makumbusho ya Reli ya Uganda. Behewa halisi hata hivyo lina uzito wa tani nyingi, linataka reli, paa na mtu wa kulipaka rangi kila baada ya miaka michache. Hakuna makumbusho yatakayohifadhi moja la kila aina. Modeli ya sentimita 60 inakaa kwenye kabati la shule ya sekondari, na mwalimu wa jiografia anaweza kuitumia kufundisha uchumi wa mkoa kwa kipindi kimoja: hii ilibeba jasi, hii ng'ombe, hii haikubeba kitu na bila yake Mwanza isingepakia meli.

Yapo pia mabehewa ambayo tumechelewa kuyakuta. Tawi la kwanza la reli kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, la miaka ya 1930, liling'olewa zamani; tawi la sasa la Manyoni hadi Singida ni jingine. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyozaliwa na mradi wa karanga baada ya Vita vya Pili, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli nyembamba ya Tengeni hadi Sigi huko Usambara, yenye upana wa milimita 750, haipo tena, pamoja na vitoroli vyake vya mbao. Kwa hayo tunabaki na picha. Picha inaweza kupimwa, ukiwa na kitu kimoja ndani yake unachokijua kipimo. Reli zenyewe zinatosha: ukijua upana wake ni 750 au 1,000, na picha imepigwa kutoka kwenye ncha ya behewa, unapata upana na kimo cha ukuta kwa uwiano. Urefu ni mgumu zaidi, kwa kuwa picha ya ubavuni huwa imepigwa kwa mshazari, na hapo ndipo hesabu ya mbao za ukuta inasaidia. Mbao za kiwanda kimoja zina upana mmoja. Zihesabu, zizidishe, umekaribia.

Kwa anayetaka kuanza, aanze na behewa la kufikia. Ni bapa, halina ukuta wala mlango, na litamfundisha fremu, bogi na kiunganishi bila kumchosha kwa mambo mengine. La pili liwe la jasi, ambalo linaongeza kuta fupi na nondo za pembeni. La tatu la ng'ombe, kwa ajili ya subira ya vibao vya ndani. La magadi, lenye sakafu ya mwinamo na vifuniko vya juu, liwe la mwisho. Na kabla ya kukata ubao wa kwanza, aandike kwenye daftari namba ya behewa alilolipima, mahali lilipokuwa limesimama, tarehe, na rangi kama alivyoiona kwa jua la mchana, kisha achore kwa penseli ile sehemu ya chini ya fremu, upande wa silinda ya breki, ambako kamera haifiki.